Mgonjwa Anahitaji Mtani

Usiweke mto chini ya goti. Naanza na hilo kwa sababu nyie vijana hamsomi mpaka mwisho, na kama mtaishia hapa basi angalau mtakuwa mmeondoka na kitu. Mtu akikatwa mguu chini ya goti, ndugu zake humwonea huruma, na huruma yao ya kwanza ni mto. Wanamwekea mto laini, goti linapumzika limekunjwa, mgonjwa anasema ahsante. Wiki chache baadaye goti limekakamaa vilevile lilivyokunjwa, na hapo hata ukimletea mguu wa dhahabu hautavalika. Kigutu kinyooshwe. Mgonjwa alale kifudifudi kila siku, kidogo kidogo, hata kama analalamika. Tena akilalamika mshukuru Mungu, kuna ambao hawalalamiki kabisa.

Vijana wa parokia walioniomba niandike haya walitaka habari za shujaa wa vita. Nikawaambia shujaa simjui, labda niwaandikie habari za mguu. Wakacheka, wakadhani nimewakatalia kwa adabu.

Mimi ni Maganga wa Itetemia, pale pembeni ya mji wa Tabora ambapo zamani nyumba ziliishia na mashamba yakaanza. Mguu wangu wa kushoto niliuacha Uganda, wakati wa Vita vya Kagera. Nilipopona, jeshi halikunirudisha nyumbani. Lilinipeleka karakana ya kutengeneza miguu ya bandia, nikajifunza kazi kwa kuwatengenezea wenzangu, nikaifanya mpaka nikastaafu. Tangu nistaafu naifanya bure hapa nyumbani: nachonga magongo, nashona mikanda, nawatembelea waliokatwa. Zamani wateja wangu walikuwa askari. Siku hizi ni vijana wa bodaboda, na wanaletwa wengi kuliko waliotoka vitani.

Mguu wangu wa kwanza wa bandia ulitengenezwa Dar es Salaam kwa mti mwepesi, umepakwa rangi ya kahawia inayokaribiana na ngozi yangu. Nilijiona maridadi kweli. Nikaja nao likizo, nikauegemeza kwenye ukuta wa udongo wa nyumba ya mama, nikashikwa na malaria, nikalala. Nilipopata nafuu nikaushika nivae, kisigino kikabaki mkononi kimekuwa unga. Mchwa walikuwa wameula kuanzia wayo hadi kifundo. Mama alilia. Mimi nilicheka mpaka nikaanguka, maana sikuwa na cha kusimamia. Niliporudi kazini na magongo, mkuu wa karakana akaniuliza mguu wa serikali uko wapi. Nikamwambia umeliwa. Akauliza kama ni fisi.

Tangu hapo, kila mtu wa Tabora aliyekuja kwangu nilimchongea wa mninga. Ni mti mzito, na nimelalamikiwa sana, lakini mchwa wanaupita mbali. Siku hizi miguu ni ya plastiki na chuma chepesi, mchwa hawana habari nayo. Tabu yake ni jasho. Jua letu la Oktoba mnalijua. Vaa soksi ya pamba, uwe na nyingine mfukoni, ubadilishe mchana, usisubiri malengelenge. Ukipanda ngazi za treni tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza wa bandia. Na vidole usivyokuwa navyo vikikuwasha, usione haya kusema. Vyangu bado vinawasha, hasa kile kidogo, na mke wangu ameshazoea kuniuliza kama akikune kisichokuwepo.

Sasa niwaambie kuhusu Kondo, kwa sababu bila yeye nisingekuwapo kuwaandikia.

Kondo alikuwa koplo, Mzaramo wa Kisarawe, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Najua wengi wenu mnadhani utani ni vichekesho vya kutumiana kwenye simu. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, wakapita katika nchi za watu, wakagombana nao, wakapatana, mwishowe wakapeana ruhusa: mimi nikutukane usikasirike, nichukue kitu chako usinishtaki, nawe vivyo hivyo, na ukifiwa nije nikuchekeshe katikati ya kilio. Ruhusa hiyo si ya kila mtu. Mtoto wa ndugu yako humtanii hivyo, ni mwiko. Jirani wa kabila lako mnaheshimiana. Mtani ndiye mwenye kibali.

Siku nilipokanyaga bomu la kutegwa tulikuwa tunapita kwenye migomba. Mlio wake siukumbuki. Nakumbuka Kondo akinifunga mkanda wa suruali yake pajani, akaukaza, akanitupa begani. Gari la majeruhi lilikuwa mbali. Usingizi ukanijia, mtamu ajabu, nikaanza kuufuata. Hapo ndipo alipoanza.

“Aibu gani hii,” akasema huku anahema. “Babu zako wamebeba pembe za ndovu mpaka pwani, leo mjukuu wao anabebwa na Mzaramo!”

Nikazidi kuufuata usingizi.

“We Mnyamwezi! Unakuwaje mzito hivi kwa kula viazi vikavu? Ukifa nakubwaga hapahapa. Na kwenu nitakwenda kuwaambia ulikufa unalia.”

Hilo sikuweza kulikubali. Nikawa natafuta jibu, na kulitafuta kukanizuia kulala. Nilipolipata nikamwambia, “Mzaramo hajawahi kubeba kitu kizito kuliko ngoma. Nishike vizuri.” Alicheka mpaka akayumba, nusura tuanguke sote. Tukatukanana hivyo hadi kwenye gari. Daktari aliyenipokea alishangaa kuona mtu aliyevuja damu kiasi kile bado yu macho. Nilikuwa macho kwa sababu Kondo alikuwa amewataja shangazi zangu, na sikuwa nimejibu.

Basi nilijua tangu siku ile kwamba kuna mgonjwa ambaye dawa, pole na maombi vyote vikishindwa, bado anaweza kuamshwa na tusi. Ila liwe tusi la mtu mwenye kibali.

Miaka michache iliyopita nikaletewa habari za Mihayo. Huyu ni mtoto wa marehemu jirani yangu. Baba yake aliniita kaka, kwa hiyo mimi kwake ni baba mkubwa. Jina lake kwa Kinyamwezi maana yake ni maneno, na hakuna mwendesha bodaboda kijiweni Cheyo aliyekuwa na maneno kumzidi. Alikuwa anaweza kumshawishi mama aliyetoka kununua nyanya apande pikipiki kurudi nyumba ya tatu. Lori la tumbaku lilimgonga akitoka Usoke, mguu ukakatwa chini ya goti. Aliporudi nyumbani akawa hasemi. Alilala akitazama ukuta, na mama yake, Nyamizi, alikuwa amemwekea mto wa maua chini ya goti.

Niliuondoa mto. Mihayo akaurudisha bila kunitazama.

Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, binti mmoja mpole, alitueleza wazi mimi na Nyamizi. Goti limeshaanza kukaza. Likikaza kabisa, mguu wa bandia asahau, na pikipiki asahau, atakuwa mtu wa magongo maisha yake yote. Linaweza kunyooshwa, lakini kunyoosha kunauma, na mtu asiyetaka hanyooshwi. Mihayo alikuwa hataki.

“Kaka,” Nyamizi aliniambia jikoni, akikoroga ugali bila kuutazama, “huyu hajaniomba hata chumvi tangu atoke hospitali. Ninachompa anakula, kisha anageukia ukuta. Naogopa.”

Hata mimi niliogopa. Niliwahi kuona askari wa namna hiyo, kidonda kimepona vizuri na mwenyewe hayupo tena.

Nikaanza na dawa niliyoizoea, yaani amri. Nikavaa kofia yangu ya jeshi, nikasimama mlangoni kwa Mihayo, nikavuta pumzi, nikapiga sauti ya gwaride ambayo kuku wote wa Itetemia waliisikia: “Mguu sawa!”

Mliopita jeshini mnajua kwamba hiyo ndiyo amri ya kumsimamisha mtu wima. Nimeisikia na kuipiga nusu ya maisha yangu bila kuyafikiria maneno yenyewe. Mihayo akatazama mahali mguu wake ulipokuwa. Akatazama suruali yangu upande wa kushoto. Nyamizi alitoka nje haraka, khanga mdomoni. Mihayo hakucheka. Alisema, “Shikamoo baba mkubwa,” akageukia ukuta.

Nilirudi nyumbani nimefadhaika. Sote tulikuwa tunamsemesha kwa sauti ya hospitali, pole mwanangu, jikaze mwanangu, na yeye kila pole ilimzamisha zaidi. Alihitaji wa kumchokoza. Mimi, baba yake mkubwa, siruhusiwi. Majirani ni Wanyamwezi wenzetu. Ng'ambo ya barabara kuna mzee Mwarabu wa Tabora, duka lao lipo tangu enzi za babu yake, na ni mtu wa mzaha sana. Nikamwuliza kama angeweza kunisaidia kidogo. Akafikiri, akasema, “Maganga, mimi nikimtukana, ukoo mzima utahamia duka la jirani.”

Nikampigia Kondo simu.

“Nina mgonjwa,” nikamwambia.

“Kabila gani?”

“Mnyamwezi.”

“Mvivu au mwoga?”

“Amenyamaza.”

Akakohoa upande wa pili. “Mnyamwezi amenyamaza? Hiyo ni hatari. Nakuja.”

Alikuja kwa treni ya reli ya kati, mzee amekonda, kikohozi hakimwachi, amebeba nazi na mihogo kana kwamba Tabora hakuna chakula. Nilimpeleka moja kwa moja kwa Nyamizi. Kondo hakubisha hodi. Alisimama mlangoni akatangaza, “Nimeambiwa hapa kuna mzigo umetelekezwa. Mwenyewe ni nani?”

Nyamizi ni mwanamke wa zamani, hakuhitaji kuelezwa. “Mzaramo amefika!” akapiga kelele. “Fungieni kuku!”

Kondo akaingia chumbani, akauchomoa ule mto wa maua chini ya goti la Mihayo, akauweka sakafuni, akaukalia. “Huu ni wa mgeni,” akasema. Kisha akamtazama kijana kwa makini. “Kumbe Wanyamwezi wa siku hizi wako hivi? Mguu mmoja umeondoka, mwili mzima umeufuata? Mimi nimembeba baba yako mkubwa huyu, hana mguu, ana damu mwili mzima, na mdomo wake haukufunga hata kidogo. Wewe nani amekuziba?”

Mihayo akajifunika shuka. Mchana Kondo akala nyama kwenye sahani ya Mihayo, akamwachia mchuzi. Kesho yake akavaa kofia ya pikipiki ya Mihayo, akaenda nayo kijiweni Cheyo, akawaambia wenzake kwamba mwenye kofia ameolewa na ukuta. Wenzake wakaja kumwona, wanacheka na kumhurumia kwa wakati mmoja. Mihayo bado anatazama ukuta. Mimi nilianza kuona nimemsumbua mzee wa watu bure.

Tatizo jingine likazuka. Mpangaji mmoja wa nyumba ya pili, kijana mgeni mjini, alisikia mzee asiyejulikana akimtukana mlemavu kila siku. Akafanya kama raia mwema, akamwita mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaja na uso wa kazi, akamkuta Kondo uani.

“Mzee, nimepata malalamiko kwamba unamnyanyasa mgonjwa.”

“Kweli kabisa,” Kondo akasema, “na sijamaliza.”

Mwenyekiti akamkazia macho. “Wewe kabila gani?”

“Mzaramo.”

“Na mgonjwa?”

“Mnyamwezi,” nikadakia.

“Aah.” Mwenyekiti akashusha pumzi, akavuta kigoda. “Basi endelea. Kuna chai?” Yule mpangaji alibaki anatutazama mmoja mmoja, na mpaka leo nadhani anaamini tulimhonga mwenyekiti wetu.

Jambo lenyewe lilitokea tukiwa kwenye chai hiyo. Pikipiki ya Mihayo, iliyotengenezwa na wenzake baada ya ajali, ilikuwa imefunikwa turubai uani na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kondo akanyanyuka, akaivua turubai, akaipanda kwa shida, magoti yakilia. “Hii naondoka nayo Kisarawe,” akasema kwa sauti ya kufika chumbani. “Mwenyewe hana haja nayo. Nitaifugia kuku, watataga kwenye kiti.” Akapiga honi. Akapiga tena. Mtani akichukua kitu chako hashitakiwi, na Kondo alikuwa na sura ya mtu anayeondoka nacho kweli.

Tukasikia kishindo chumbani. Kisha mburuzo. Mihayo akatokea mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili, jasho linamtoka, kigutu kinatetemeka. Alikuwa amekinyoosha kidogo ili apite.

“Mzee!” akapiga kelele, na sauti ilikuwa imepata kutu. “Shuka hapo! Mzaramo hapandi pikipiki, anapanda mnazi! Shuka!”

Mwenyekiti alimwaga chai. Nyamizi alikaa chini palepale alipokuwa, akalia na kucheka, sijui kipi kilianza. Kondo hakushuka. Akakohoa, akajifuta macho, akasema, “Njoo unishushe.”

Kuanzia hapo kazi ikawa yetu sote. Asubuhi na jioni Mihayo alilazwa kifudifudi, mimi nakandamiza, yeye anapiga mayowe, Kondo yuko juu ya ule mto wa maua anamtukania babu zake, na Mihayo anarudisha, kila siku vizuri zaidi. Kuna tusi moja kuhusu nazi ambalo siwezi kuliandika kwenye karatasi ya parokia. Kondo alikaa nasi mpaka goti likanyooka na mtaalamu akasema sasa mguu unaweza kupimwa. Nilimsindikiza stesheni. Nilitaka kumshukuru, kwa yote, tangu kwenye migomba. Nikaanza, “Kondo, mimi...” Akanikatiza: “Ukinishukuru nitarudi kula nyama yako.” Treni ikaondoka.

Mihayo alivaa mguu wa kwanza kwa malengelenge mengi. Nikamfundisha soksi, ngazi, matope, namna ya kuanguka bila kuvunja kitu. Alirudi barabarani na maneno yake. Kila Ijumaa alimpigia Kondo simu wakatukanana mpaka salio lilipokwisha.

Ijumaa moja simu ikapokelewa na binti wa Kondo. Akasema baba yuko hoi, kifua kimembana, na ametuulizia. Tukapanda basi la kwanza. Tulishuka njia panda ya kijijini kwao asubuhi, tukatembea kwenye udongo mwekundu na vilima, Mihayo mbele, mimi nyuma namwambia apunguze mwendo. Tulipolikaribia boma tukaona viti vimepangwa nje na wanaume wamekaa kimya. Kondo alikuwa amefariki alfajiri.

Nyie mnajua sasa kazi ya mtani msibani. Jeneza likitoka, mtani analizuia njia, anamtania marehemu, wafiwa wanacheka kidogo, wanampa chochote, anaachia njia. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Hakuna mwingine pale aliyekuwa na haki nayo kunizidi. Adhuhuri, jeneza likainuliwa, nikasimama katikati ya njia, watu wakanitazama wakisubiri. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka yote ile na hakuna hata moja lililotoka, machozi tu, mbele ya watu, mimi askari mzee.

Mihayo akasogea. Akaegemea bega langu, akapandisha suruali, akafungua mikanda, akauvua mguu wa bandia, akaulaza njiani mbele ya jeneza. Kiatu na soksi yake vyote vimo.

“Halipiti,” akasema.

“Nani anazuia?” akauliza mtoto mkubwa wa Kondo, kama desturi inavyotaka.

“Mnyamwezi. Huyu mzee alinikuta Tabora nimelala zangu. Akaja kuniamsha. Akala nyama yangu, akakalia mto wangu, akatangaza nimeolewa na ukuta, mpaka nikaamka. Leo nimekuja kumwamsha yeye.” Akainua sauti. “Kondo! Mzaramo mvivu! Amka!”

Watu wakacheka. Hata sheikh aligeuka pembeni, ndevu zikimtikisika.

“Amka mzee!” Mihayo akaita tena, na safari hii sauti ilikatika katikati, na hakuna aliyecheka. Tukasimama hivyo.

Binti wa Kondo akatoka ndani na jogoo, akampa kwa mikono miwili. Mihayo akanikabidhi jogoo. Akaokota mguu, akauvaa polepole, akakaza mkanda mmoja baada ya mwingine, na wale waliobeba jeneza wakamsubiri. Kisha akasimama wima, akatoka njiani.

“Pitisheni,” akawaambia. “Nimemwita, hataki.”